Kwa nini chama cha mzaha na kijinchi cha mzaha hupata kile ambacho barua rasmi zimekosa?

#1 Mkanyaga Chaki
Wakuu, salaam.

Nafundisha uraia kidato cha tatu. Wiki iliyopita nilikuwa ubaoni naandika yale mambo manne ya nchi kuwa nchi kwa mujibu wa Mkataba wa Montevideo wa 1933: watu wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na nchi nyingine. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha kidole: "Mwalimu, mtaa wetu una watu, mipaka tunaijua, balozi wa nyumba kumi tunaye, na mtaa wa pili tunahusiana nao. Tukijitangaza je?" Darasa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, lakini nilirudi nyumbani swali limenikaa kifuani.

Maana wapo waliojitangaza kweli. London, mwaka 1977, wakazi wa Freston Road, watu kama 120 waliokuwa wakiishi kwenye nyumba mbovu bila kibali, waliambiwa wataondolewa na nyumba zibomolewe. Tarehe 31 Oktoba wakajitoa Uingereza wakaitwa Jamhuri ya Frestonia. Wakachapa stempu zao. Wakaandika Umoja wa Mataifa kuomba uanachama, na wakataja kwamba huenda wakahitaji askari wa kulinda amani. Wote wakachukua jina moja la ukoo, Bramley, ili halmashauri ikitaka kuwahamisha ilazimike kuwahamisha pamoja kama familia moja. Hawakutawanywa. Wakaunda ushirika wa nyumba, na nyumba zikajengwa palepale.

Mwingine: Key West, Florida, 1982. Askari wa mipaka wa Marekani waliweka kizuizi kwenye barabara pekee inayotoka visiwani, foleni ikawa ya maili kadhaa, watalii wakaanza kukimbia. Meya Dennis Wardlow alikwenda mahakamani Miami, akakwama. Tarehe 23 Aprili akatangaza Jamhuri ya Conch, vita dhidi ya Marekani ikaanza kwa kumpiga mtu aliyevaa sare za jeshi la majini kwa mkate mkavu wa Kikuba, na baada ya dakika moja akasalimu amri na kuomba msaada wa dola bilioni moja. Bilioni hakupewa. Kizuizi kiliondoka.

Dai langu ni hili: hawa watu walipozungumza kwa adabu hawakusikika. Walipotania, wakasikika. Na si vijinchi tu, hata vyama vya siasa vya mzaha ni hivyohivyo. Kwa nini? Naomba majibu ya dhati, nitayapeleka darasani.

#2 Tumbo Moja
Nimevuta kigoda. Waje wenye kujua.

#3 Kipanga wa Kisutu
Mwalimu, jibu liko wazi: kamera. Barua yako inaishia kwenye jalada la karani. Ukichapa stempu na kuandika Umoja wa Mataifa, kesho yake waandishi wa habari wamejaa mlangoni, na mkubwa hapendi kuonekana gazetini anabomoa nyumba ya "waziri wa mambo ya nje" ambaye hana hata bomba la maji. Huyo waziri wa Frestonia alikuwa mwigizaji David Rappaport, mtu wa kimo kifupi sana, mcheshi, picha zake zilipendwa. Walijua wanachofanya. Hata kile kisiwa cha Sealand kimedumu miaka yote kwa sababu ya magazeti tu.

#4 Mvuvi Mstaafu
Kipanga, Sealand si kisiwa. Ni ngome ya vita baharini: nguzo mbili za zege zenye vyumba ndani, juu yake sakafu ya chuma, iliyojengwa na Waingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Roy Bates, aliyekuwa meja jeshini, aliingia humo akaitangaza nchi tarehe 2 Septemba 1967. Na haikudumu kwa magazeti, ilidumu kwa hesabu ya maji. Mwaka 1968 alishitakiwa kwa kesi ya silaha, mahakama ikasema ngome iko nje ya maili tatu za bahari ya Uingereza, kwa hiyo haina mamlaka nayo. Uingereza ikasogeza mpaka wake hadi maili 12 mwaka 1987, lakini jamaa alikuwa ameshakaa miaka 20.

Nimekaa baharini zaidi ya miaka 30, nakwambieni mpaka wa majini ni kitu cha ajabu. Huuoni, na unakufunga.

Maelezo yangu kwa mwalimu: tafuta mwanya wa sheria kwanza, kicheko baadaye. Wale wa Freston Road pia, jina la ukoo Bramley lilikuwa mtego wa kisheria uliovikwa shela la harusi.

#5 Shangazi Nuru
Mmeanza na vijinchi, mie nawaletea vyama. Iceland kuna mchekeshaji alianzisha chama, akashinda nusu ya kura zote, akawa rais, na aliahidi kuleta dubu wa barafuni akamleta. Sasa hapo mwanya wa sheria uko wapi?

#6 Nipo Baridini
Shangazi, nakuheshimu, lakini umechanganya mambo matatu. Nilikuwa Reykjavik 2011, nasafisha vyumba hotelini, kwa hiyo niliyaona.

Chama kiliitwa Besti flokkurinn, yaani Chama Bora. Mwanzilishi ni Jón Gnarr, mchekeshaji kweli. Uchaguzi ulikuwa wa jiji, si wa nchi, Mei 2010. Walipata asilimia 34.7 na viti 6 kati ya 15, kwa hiyo ilibidi waungane na chama cha mrengo wa kushoto ili Gnarr awe meya. Urais aligombea baadaye sana, 2024, akakosa. Mwishoni mwa mwaka huohuo akaingia bungeni kwa chama kingine kabisa. Na dubu hakuja. Aliahidi dubu kwenye bustani ya wanyama, taulo za bure kwenye mabwawa yote ya kuogelea, na akasema mapema kwamba ahadi zake hatazitimiza.

Hilo la taulo mtu wa joto hawezi kulielewa mpaka afike. Kule bwawa ndilo baraza. Maji ya moto yanatoka ardhini, wazee kwa vijana wamekaa humo theluji inawaangukia vichwani, wanazungumza siasa. Kabla ya kuingia unaoga uchi mbele ya wenzako, hakuna aibu, na kama umesahau taulo unakodi. Kwa hiyo mtu anapoahidi taulo la bure anakuahidi kitu ambacho mkono wako unakijua, baada ya miaka ya wanasiasa kuahidi vitu usivyoviona.

Ila tusidanganyane: mwaka 2008 mabenki yao matatu makubwa yalianguka ndani ya wiki moja. Watu walikuwa na mikopo ya nyumba iliyovimba kama unga wa maandazi. Mimi nasema ilikuwa hasira. Mzaha ulikuwa chombo tu cha kubebea. Na walipoingia madarakani, kampuni ya umeme na maji moto ya jiji ilikuwa inazama kwenye madeni, wakapandisha bei, wakapunguza wafanyakazi, wakaunganisha shule. Mama niliyekuwa nakunja naye mashuka alimpigia kura Gnarr, na bili ilipokuja alinuna mwezi mzima. Lakini jiji halikufilisika, na mwaka 2014 jamaa akaondoka mwenyewe, hakugombea tena, chama kikavunjwa. Ni wangapi mnaowajua wameondoka hivyo?

#7 Shangazi Nuru
Asante mwanangu, nimesahihishika. Dubu nilimpenda, basi.

#8 Mkulima wa Miraa
Mambo vipi kutoka Meru. Hakuna haja ya kwenda hadi barafuni. Hapa Kenya 2022 tulikuwa na Profesa Wajackoyah wa Roots Party, aliyegombea urais. Bangi ya kuuza nje ili tulipe deni la China, ufugaji wa nyoka tuuze sumu, korodani za fisi kwa Wachina, kazi siku nne kwa wiki. Wimbo mtaani ulikuwa mmoja: tingiza mti! Matatu zote, tingiza mti. Mwisho wa siku kura 61,969, asilimia 0.44. Mzaha ulishinda nini hapo?

#9 Kipanga wa Kisutu
Mkulima, una uhakika ule ulikuwa mzaha? Mwenyewe alisimama mbele ya tume akapitishwa, alikuwa mwanasheria, na alisisitiza kila mara kwamba anamaanisha kila neno.

#10 Mkulima wa Miraa
Hapo umenishika. Sisi tuliomcheka ndio tulioamua ni mzaha. Babu yangu alimsikiliza redioni kutoka mwanzo hadi mwisho, hakucheka hata mara moja, akauliza nyoka mmoja anakula nini kwa siku. Mzee alikuwa anapiga hesabu ya biashara!

Lakini ujue pia, kusajili chama kwetu si mchezo. Sheria ya 2011 inataka wanachama 1,000 kila kaunti, katika zaidi ya nusu ya kaunti zote, yaani kaunti 24 kwenda juu. Watu wa mzaha hawana pumzi ya kutembea kaunti 24.

#11 Mvuvi Mstaafu
Tanzania huku tangu 1992 ni wanachama 200 katika kila mkoa, mikoa isiyopungua 10, na miwili kati yake iwe ya Zanzibar. Na bila chama hugombei, mgombea binafsi hakuna. Kwa hiyo mtu wa Frestonia angezaliwa kwetu asingepata hata fomu. Narudi palepale: mwanya. Wajerumani vilevile. Martin Sonneborn wa chama cha mzaha Die PARTEI alipata asilimia 0.6 mwaka 2014 akaingia Bunge la Ulaya, kwa sababu mahakama yao ya katiba ilikuwa imefuta kiwango cha chini cha asilimia 3 miezi michache kabla. Angechekesha mpaka mbavu ziume, bila ile hukumu asingeingia.

#12 Mzaramo Halisi
Nimesoma yote nimenyamaza, sasa niseme. Mnazungumza kamera, sheria, hasira. Hakuna aliyetaja utani. Tuna elimu nzima ya jambo hili na tunaitafuta Reykjavik!

Nitawaeleza nilichokiona kwa macho yangu. Baba yangu mkubwa alifariki Kisarawe. Nyumba yake ilikuwa inavuja miaka mingi, wanawe watatu wako mjini, kila Idi wanaahidi bati. Kikao kimekaliwa, barua zimeandikwa, mjumbe ametumwa. Kimya. Siku ya mazishi akaja mtani, Mnyamwezi wa miaka mingi pale kijijini. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi. Akaingia chumbani akatoka amevaa kanzu ya marehemu na miwani yake ile yenye mguu mmoja uliofungwa uzi mweusi. Akakaa kwenye kiti chake cha kamba. Akakohoa kikohozi chake hasa, mpaka watoto wakageuka. Kisha akatoa simu ya marehemu mfukoni, akaiweka sikioni, akaanza: "Haloo... haloo, mwanangu... mvua imeanza... haloo?" Anaishusha, anaitazama, anapiga tena. Mara ya tatu. Mara ya nne. Hakuna anayepokea.

Watu walicheka mpaka machozi. Mama mkubwa, mjane wa marehemu, alicheka, mara ya kwanza tangu msiba uanze. Wale wana watatu waliinama kama wamemwagiwa maji. Mtani akalala mbele ya jeneza akasema halipiti mpaka alipwe. Walilipa. Na arobaini ilipofika, bati zilikuwa juu.

Sasa niambieni kamera ilikuwa wapi. Hakukuwa na kamera wala mwanya wa sheria. Mtani ana ruhusa. Ukimkasirikia wewe ndiye unayeonekana huna adabu. Meya wa Key West alijigeuza mtani wa Washington, na Washington ikabaki haina cha kufanya.

#13 Tumbo Moja
Hili bandiko la Mzaramo lipewe kiti cha kamba. Kama kuna Mnyamwezi humu aje aseme neno.

#14 Mnyamwezi Mtoro
Nimekuja. Wazaramo bila sisi hamzikani. Lakini ni kweli tupu, na kanzu tulibaki nayo.

#15 Bi Uzi na Sindano
Mzaramo, nimeguswa, baba yangu pia alikuwa wa simu zisizopokelewa. Ila maelezo yako yana tundu. Utani unafanya kazi kwa sababu pande zote mbili zimekubali. Mtani kesho naye atafiwa, utamlipizia. Serikali haina mtani.

Hungary kuna Chama cha Mbwa Mwenye Mikia Miwili. Kilianza 2006 kama kikundi cha mtaani, kikaahidi uzima wa milele na bia ya bure. Wanachama wake wanachukua rangi wanapaka nyufa za njia za waenda kwa miguu, kila kipande rangi yake, ili watu waone palipovunjika. Mwaka 2016 serikali ilipoitisha kura ya maoni kuhusu wakimbizi, chama kikawaomba watu waharibu kura makusudi, na kikatengeneza programu ya simu ya kutuma picha za kura zilizoharibiwa. Zaidi ya asilimia 6 ya kura ziliharibika. Serikali haikucheka kama wana wa Kisarawe: chama kilipigwa faini kwa ile programu. Wakahangaika mahakamani mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikawapa haki Januari 2020. Miaka zaidi ya mitatu!

Kwa hiyo utani bila mahakama nyuma yake ni hatari. Naunga mkono Mvuvi, ila namgeuza: sheria haihitajiki kuwa na mwanya, inahitajika kuwa na mgongo.

#16 Mzaramo Halisi
Bi Uzi, tundu nimeliona. Nitalifikiria. Ila sikubali kwamba serikali haina mtani. Haijampa kanzu tu.

#17 Mtu wa Garamba
Jambo bandugu. Mimi ni wa Kongo, niko Goma. Naona wote munacheka na vyama vya mzaha, naomba nilete kimoja kinachotugusa.

Kanada walikuwa na Chama cha Kifaru, kilianzishwa 1963 na Jacques Ferron, daktari na mwandishi wa Quebec. Jina walilitoa Brazili: mwaka 1959, watu wa São Paulo walichoka na madiwani wao wakampigia kura kifaru wa bustani ya wanyama, Cacareco, akapata kura karibu 100,000. Ahadi kuu ya chama ilikuwa kutotimiza ahadi yoyote, na waliahidi kufuta kanuni ya mvutano wa dunia.

Halafu wakatangaza vita na Ubelgiji. Sababu: katika kile kitabu cha katuni cha Kibelgiji, Tintin huko Kongo, kifaru analipuliwa kwa baruti. Wakasema vita itakwisha Ubelgiji ikiwaletea kome na bia. Ubalozi wa Ubelgiji ukawaletea kome na bia. Vita ikaisha, watu wakacheka, magazeti yakaandika.

Mimi sikucheka. Kifaru ni wa Kongo, baruti ni ya Mbelgiji, bia imekwenda Montreal. Sisi hakuna aliyetuuliza hata kama tunataka kome. Na sasa sikieni: vifaru weupe wa kaskazini, wa mwisho kabisa porini walikuwa kwetu, Hifadhi ya Garamba. Wamekwisha, majangili wamewamaliza. Dume la mwisho duniani, Sudan, alikufa Machi 2018 Ol Pejeta, Kenya. Wamebaki majike wawili, Najin na binti yake Fatu. Wawili. Baba yangu aliwaona Garamba akiwa kijana, alituonyesha kwa mikono upana wa mdomo wao, bapa kama jembe, wanakata nyasi.

Swali langu kwa mwalimu: mzaha unapata kitu, sawa. Anayepata ni nani?

#18 Mkulima wa Miraa
Pole sana ndugu wa Goma. Najin na Fatu nimewaona, niliwapeleka watoto. Walinzi wao wana bunduki saa 24. Mtoto wangu aliuliza kwa nini wanyama wana askari, nikashindwa kujibu njiani kote hadi Nanyuki.

#19 Kipanga wa Kisutu
Swali la Mtu wa Garamba linanirudisha kwenye vijinchi. Bir Tawil, kati ya Misri na Sudan, kilomita za mraba kama 2,000 ambazo hakuna nchi inayozidai, kwa sababu kila upande unashikilia ramani inayoupa Pembetatu ya Halaib, eneo la jirani lenye thamani zaidi, na anayedai moja anaiachia nyingine. Mwaka 2014 Mmarekani mmoja alikwenda kuchomeka bendera ili binti yake wa miaka saba awe binti mfalme. Vyombo vya habari vikaona ni hadithi tamu. Wafugaji wa Kiababda na Kibisharini wanaopita na ngamia wao hapo hawakuonekana kwenye hiyo hadithi.

Kwa hiyo nabadilisha jibu langu la #3 kidogo. Kamera inakuja, ndiyo, ila inakuja upande ambao mpiga picha ameshazoea kuangalia.

#20 Ghorofa ya Tatu
Shikamooni wakubwa. Mimi ni mgeni humu, nimejiunga kwa sababu ya huu uzi. Sisi tuliwahi kuwa nchi.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, chuo sikitaji. Bweni letu lilikuwa la ghorofa tatu, na maji yaliishia ghorofa ya pili. Muhula mzima tulibeba ndoo. Ngazi 54, nilizihesabu mpaka usingizini. Tuliandika barua nne kwa ofisi inayohusika, tukajibiwa moja: "suala lenu linashughulikiwa."

Mwenzetu mmoja alisoma mahali habari za Frestonia. Jumamosi moja tukatundika shuka kwenye ngazi, tumeandika kwa rangi ya viatu kwamba kuanzia hapa unaingia nchi nyingine. Kila anayepanda alipewa pasipoti, kadi ya daftari la mraba iliyokunjwa mara mbili, na muhuri wa kiazi. Fedha yetu ilikuwa ndoo: kikombe cha chai ndoo moja, kunyolewa ndoo mbili. Tukaanzisha na chama kabisa, nembo ndoo iliyotobolewa, ilani yake mstari mmoja: tutaendelea kuahidi maji. Tuliipenda ile ilani. Ilikuwa ileile waliyotuandikia wao.

Siku ya nne msimamizi wa bweni alipanda. Mtu mzima, kitambi, amefika juu anahema. Kijana wetu wa mpakani, kwa heshima zote, akampa shikamoo, akamwomba pasipoti. Mzee akasimama. Akatuangalia, akaangalia zile ndoo zilizopangwa ukutani, kama 40 hivi. Akakaa kwenye ngazi. Akasema, "Nyie mnapanda hivi kila siku?" Hakuwahi kupanda, muhula mzima. Tukampigia muhuri kwenye karatasi, akaikunja akaweka mfuko wa shati. Wiki iliyofuata mafundi walikuja, kumbe pampu ilikuwa nzima, valvu moja tu imekwama.

Kwa hiyo sikubaliani na wote. Haikuwa kamera, haikuwa sheria, hasira tulikuwa nayo kabla. Naamini ni kwamba mzaha ulimfanya mtu apande ngazi. Barua hushuka chini, ofisini. Pasipoti ilimlazimu aje mwenyewe.

#21 Tumbo Moja
Valvu! Nchi nzima imezaliwa kwa valvu.

Baada ya maji kurudi nchi iliishaje?

#22 Ghorofa ya Tatu
Vibaya. Hapo ndipo naumia. Maji yalirudi tukataka kuendelea, maana tulikuwa tumenogewa. Tukaitisha uchaguzi. Wakatokea waliosema ndoo sasa ziuzwe, pesa igawanywe, na waliosema zitunzwe maana maji yatakatika tena. Ilianza kwa kucheka, ikafika mahali watu wa vyumba viwili hawasalimiani. Rafiki yangu wa karibu alikuwa upande wa kuuza. Tumemaliza chuo hatujazungumza vizuri mpaka leo, na ni ndoo za plastiki.

#23 Nipo Baridini
Pole dogo. Si nyie peke yenu. Poland 1991 Chama cha Marafiki wa Bia, kilichoanzishwa kwa utani na mchekeshaji Janusz Rewiński, kilipata viti 16 bungeni. Kilipoingia kikapasuka: Bia Kubwa na Bia Ndogo. Sikutungii hadithi.

Mpigie rafiki yako.

#24 Mzaramo Halisi
Ampigie. Na huyo apokee.

#25 Bi Uzi na Sindano
Ghorofa ya Tatu, hadithi nzuri, lakini ulikuwa na bahati ya msimamizi mwenye moyo. Angekuja mwingine mngefukuzwa wote, na leo ungekuwa unaandika uzi tofauti. Naogopa mwalimu akapeleka hili darasani kama dawa ya kila kitu.

#26 Mvuvi Mstaafu
Na Conch hawakuishia kwenye mkate. Septemba 1995 kikosi cha akiba cha jeshi la Marekani kilipanga zoezi la kujifanya kinavamia kisiwa cha kigeni, kisiwa chenyewe Key West, bila kuwaarifu viongozi wa hapo. Jamhuri ya Conch ikainuka "vitani" tena, mikate mikavu mkononi, na jeshi likaomba radhi. Miaka 13 baadaye! Kwa hiyo kuna jambo la kudumu hapo, si bahati ya siku moja. Sasa hivi kila Aprili wanasherehekea uhuru, na visiwa vinakula kwa utalii huo.

#27 Kipanga wa Kisutu
Utalii, yaani kamera. Nilisema.

#28 Mvuvi Mstaafu
Kamera ilikuja baada ya mkate, kijana.

#29 Mkanyaga Chaki
Wakuu, nashukuru. Nimeyasoma yote mara mbili, na la Mtu wa Garamba mara tatu. Leo nimeingia darasani na majibu sita yanayogombana, nimeyaandika ubaoni bila kusema lipi langu. Bi Uzi, usiwe na hofu, nimesoma na bandiko lako la faini kwa sauti, na kijana wa dawati la nyuma aliandika "mgongo" kwenye kiganja.

Halafu akaniuliza: hapa shuleni ni jambo gani tungeanzia? Wakanyamaza kidogo. Msichana mmoja ambaye tangu Januari sijasikia sauti yake akasema: milango ya vyoo vya wasichana haina komeo. Mwenzako anakushikilia mlango kwa nje, ukiwa peke yako huendi. Nimefundisha pale miaka sita. Sijawahi kujua.

Nimemwambia mkuu wa shule nakwenda naye kuangalia kesho asubuhi. Na darasa nimeliambia lije na viazi. Ghorofa ya Tatu, ule muhuri mliutengenezaje?

#30 Ghorofa ya Tatu
Mwalimu, chukua kiazi mviringo kikubwa, ukate katikati kwa kisu kikali ili uso uwe bapa. Kipanguse kikauke kwanza, la sivyo wino unatawanyika. Chora kwa kalamu, kisha uchonge pembeni herufi zibaki zimeinuka. Wino wa bluu wa pedi ya ofisini ndio mzuri. Na herufi waziandike kinyume, kama wanazitazama kwenye kioo. Sisi tulisahau, pasipoti za siku ya kwanza zote zilisomeka kinyumenyume.

Rafiki yangu nimempigia. Simu inaita.